Sumaku Mbili, Picha Moja

Mliohudhuria kikao cha madaktari bingwa mliiona ile picha ukutani: tumbo la mtoto aliyemeza sumaku, limepigwa eksirei kwa mbele tu, na kivuli kimoja cha duara upande wa kulia. Daktari wa zamu akaandika kwamba ni kitu kimoja cha chuma na kitatoka chenyewe, akampa mama dawa ya kulainisha choo, akawaruhusu. Kazi yote iliharibikia hapo, na sioni sababu ya kuzungukazunguka.

Kungoja ni sawa kwa sarafu iliyokwisha kushuka tumboni. Asilimia 80 hadi 90 ya vitu vinavyomezwa hutoka bila kuguswa, na vinavyohitaji kisu havifiki asilimia 1. Ila hesabu hiyo haizihusu sumaku zaidi ya moja. Moja ikiwa kwenye mkunjo huu wa utumbo mwembamba na mwenzake kwenye mkunjo wa pili, huvutana na kuzibana kuta zilizo katikati. Damu haipiti, nyama inakufa, utumbo unatoboka. Kwenye picha ya mbele zinaweza kulaliana ukaapa ni kitu kimoja. Picha ya ubavuni ingeonyesha mwanya kati yao, na mwanya huo ndio kuta zenyewe za utumbo. Tena zingekuwa bado hazijavuka tumbo la chakula, endoskopia ingezitoa siku hiyohiyo.

Wasomaji wa zamani wanajua ugomvi wangu na ndizi mbivu na matonge ya ugali ya "kusukuma" kilichomezwa. Dawa ya choo ni ndizi iliyovaa koti jeupe. Wanajua pia nilivyofoka mwaka 2016, mahakama ya rufaa ya Marekani ilipofuta masharti ya usalama wa sumaku ndogo zenye nguvu kama hizi.

Chevalier Jackson wa Philadelphia, ambaye mkusanyiko wake una vitu zaidi ya 2,000 vilivyomezwa au kuvutwa kwenye pumzi, alikuwa na desturi ya kutafuta kitu cha aina ileile na kukifanyia mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa. Sisi kumlaza mtoto ubavu kumetushinda.

Utumbo ulipokwisha kutoboka, upasuaji wenyewe ulikuwa safi: fistula, yaani njia iliyotobolewa kati ya mikunjo miwili, ikaachanishwa, kingo zilizokufa zikakatwa, matundu yakashonwa. Lakini sikuona eksirei iliyopigwa mezani kabla ya tumbo kufungwa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba sumaku zilihesabiwa. Zililinganishwa na idadi gani, ilhali mama mwenyewe hakujua mtoto kameza ngapi?