Imekufa Wapi?

Mwenye laptopu akisema imekufa, fundi wa kweli huuliza: imekufa wapi? Swali hilo ndilo mzizi wa ufundi ninaousifu hapa, wa kukusanya vipuri vizima vya laptopu chakavu na kuviundia kompyuta ya mezani. Bawaba ikikatika, au kibodi ikimwagikiwa chai, mashine nzima husukumwa uvunguni. Kumbe mazabodi ni nzima, kioo kinawaka, RAM na diski havina neno.

Kioo ndicho kinachodai umakini zaidi. Ukikigeuza, mgongoni utakuta kibandiko chenye namba, mathalani LP156WH4: LP ni alama ya LG, na 156 ni inchi 15.6 kutoka pembe hadi pembe. Kwa namba hiyo fundi hutafuta bodi ndogo ya kuendeshea kioo, ile yenye tundu la HDMI. Plagi kuingia hakutoshi. Vioo vya zamani hupokea picha kwa mfumo wa LVDS, vya karibuni kwa ule wa eDP, na volti zikizidi kioo huungua kabla ya kuonyesha chochote. Kwa hiyo mita hutangulia, waya hufuata.

Mazabodi hufungwa ndani ya kasha, ikainuliwa kwa vijiguu ili mgongo wake usiguse chuma. Kama swichi ya kuwashia ilikuwa kwenye kibodi iliyoharibika, fundi hufuatilia mkanda wake mwembamba, akapata nyuzi mbili zinazohusika na kuziunga kwenye swichi mpya. Pasti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa hufutwa kwa spiriti, ikapakwa nyingine. Chaja ileile ya volti 19 huendelea na kazi. Betri iliyovimba pekee haibembelezwi: hutolewa bila kutobolewa, ikapelekwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu inayojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Fundi mmoja hawezi kulimaliza jaa hilo, wala simsifu kwa sababu hiyo. Namsifu kwa kuwa hakubali kasoro moja iwe hukumu ya kitu kizima. Hupima kila kipuri peke yake, kisha ndipo aamue. Kompyuta itokayo mikononi mwake huenda isiwe na sura ya dukani, lakini mwanafunzi atakayeitumia ana jambo ambalo wanunuzi wengi hawana: siku ikigoma, yupo mtu anayejua pa kuanzia.