Moduli za wapenzi: kwa nini nyingine zinafurahisha na nyingine zinachosha?

Msomaji mmoja aliniuliza: «Mwalimu, kazi iliyotolewa bure inafaa kuhukumiwa?» Alikuwa amenisikia nikisema vibaya juu ya moduli moja ya mchezo wa Neverwinter Nights, iliyotengenezwa na mtu asiyelipwa hata senti. Siku ile nilimjibu kwa haraka, na jibu langu halikuwa na maana. Leo nataka kumjibu vema zaidi.

Kwanza tueleze maneno, maana si wasomaji wote wanaoijua michezo hii. Mwaka wa 1974, huko Wisconsin katika Marekani, ulitolewa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache wanaketi mezani. Kila mmoja anajifanya mtu fulani: askari, mwizi, mchawi (wa kisa tu, msiogope). Mmoja wao ni kiongozi wa mchezo. Yeye anaeleza mahali walipo, anasema kwa niaba ya watu wote wengine wa kisa, na mambo yenye mashaka yanakatwa na dadu. Kisa kilichotayarishwa mbele ya kucheza, pamoja na ramani zake, watu wake na hatari zake, kinaitwa moduli.

Basi, mwaka wa 2002 kampuni ya BioWare ya mji wa Edmonton, Kanada, ilitoa Neverwinter Nights, mchezo wa kompyuta wenye kufuata sheria za Dungeons & Dragons. Pamoja na mchezo iliweka chombo cha kazi kiitwacho Aurora, na kwa chombo hicho mnunuzi yeyote aliweza kutunga moduli yake mwenyewe na kuwagawia wengine. Wapenzi wa mchezo wakatunga maelfu. Mwaka wa 2018 kampuni ya Beamdog iliutoa tena mchezo huo ukiwa umetengenezwa upya, na moduli nyingi za zamani zinachezeka humo hata leo.

Nimecheza nyingi. Nyingine nilizimaliza usiku wa manane, na asubuhi nikasinzia mbele ya wanafunzi wangu. Nyingine niliziacha nyuma ya nusu saa. Kwa sababu gani? Zamani nilifikiri ni uzuri wa kisa. Siyo. Nimeacha moduli zenye kisa kizuri sana, na nimependa moduli ambazo kisa chake kingeweza kuandikwa nyuma ya tiketi ya basi.

Turudi kidogo mezani. Gygax aliandika moduli inayojulikana sana, The Keep on the Borderlands, iliyotoka mwisho wa miaka ya 1970. Humo mna ngome, mna mapango yenye maadui, lakini watu wa ngome hawana majina. Kuna mhunzi, kuna mkuu wa ngome, basi. Tena kuna pango moja ambalo mtungaji hakulijaza kabisa. Alimwachia kiongozi wa mchezo alitunge mwenyewe. Mtu angeweza kusema ni uvivu. Lakini Gygax alijua kwamba mezani atakuwapo mtu mwenye masikio. Mchezaji akisema, «Sitapigana na mlinzi huyu, nitamnywesha pombe mpaka alale», kiongozi anacheka, anafikiri kidogo, kisha anajibu. Nafasi tupu ya kitabu inajazwa na mtu aliye hai.

Kompyuta haina masikio. Inajibu tu yale yaliyoandikwa ndani yake. Ikiwa mtungaji hakufikiri habari ya pombe, hakuna pombe. Mlinzi amesimama, wewe unachagua kati ya maneno mawili yaliyoandikwa, na mara nyingine hayo mawili ni neno moja lililovikwa nguo mbili. Kwa hiyo mtungaji wa moduli ya kompyuta ana kazi ngumu kuliko ile ya Gygax: sharti amwazie mchezaji kabla hajafika, kama mwenye nyumba anayejiuliza, «Mgeni wangu atataka kuketi wapi? Akikataa nyama, nitampa nini?» Hapo, kwa maoni yangu, ndipo furaha inapotoka. Unafanya jambo lisilo la kawaida, ukidhani hakuna aliyelifikiri, na kumbe jibu lilikuwa linakungoja.

Kinyume chake mnakijua. Katika moduli moja, ambayo sitaitaja jina, nilikutana na mzee mwenye hekima. Alisema kurasa nne. Nikataka kumwuliza swali moja. Nafasi yangu ya kujibu ilikuwa neno «Endelea». Nikaendelea. Akasema kurasa nyingine. Mtungaji yule alikuwa na kipaji cha kuandika, sikatai, lakini aliniita mezani ili nimtazame akila.

Kosa lingine ni ukubwa. Katika Aurora nchi inajengwa kwa vigae vya mraba. Kila kigae ni mita 10 kwa mita 10, na katika mchezo wa asili eneo moja halikuweza kupita vigae 32 kwa 32. Ni kusema mita 320 kila upande. Mtungaji mpya anaona nafasi hiyo, na moyo unamwambia aitumie yote. Anatengeneza msitu wa vigae 32 kwa 32, anaweka mbwa mwitu watano na kisanduku kimoja, kisha mchezaji anatembea, anatembea, anatembea. Nyumba ya vyumba vitatu, ambamo kila mlango una sababu yake, inapendeza kuliko msitu huo.

Tena kuna habari ya mali, na hapa nataka kukaa kidogo, maana watu wengi wanakosea. Wanafikiri mchezaji anafurahi akipewa vitu vingi. Wanamwekea upanga wa moto katika kisanduku cha kwanza, na dawa za kuponya ishirini katika cha pili. Kwa sheria za mchezo, mchawi aliyemaliza maneno yake ya nguvu anayapata tena akipumzika, na Neverwinter Nights, kama mtungaji hakuweka kizuizi, inamruhusu kupumzika karibu popote, adui asipokuwa karibu. Basi matokeo ni nini? Unapigana, unalala, unapigana, unalala. Hakuna kitu kinachogharimu kitu. Na pasipo gharama hakuna shauri la kukata, na pasipo shauri la kukata mchezaji anabonyeza tu. Ndiyo maana ninaisifu sana ile mfululizo iitwayo Swordflight, ingawa imenikasirisha mara nyingi. Ni ngumu. Unaanza maskini, chupa moja ya dawa ni kitu cha kuhesabiwa, na vita usivyovifikiria kwanza vinakuua bila huruma. Nimekufa humo mara zisizohesabika. Lakini kila nilipokufa niliona kosa langu mwenyewe, si hila ya mtungaji. Ugumu wa namna hiyo ni heshima kwa mchezaji: mtungaji ananiambia kwamba anaamini nina akili.

Aielund Saga ni ya roho nyingine. Si ngumu vile. Ni ndefu, na inapendwa kwa ajili ya wenzi wa safari, ambao wana maoni yao na wanasema nawe njiani. Waliozoea mchezo wa asili, wenye mwenzi mmoja tu kwa mara moja, wataona tofauti. Mimi sipendi kila mahali pake. Vita vya mwisho mwisho vimenichosha. Lakini wenzi wale walinifanya nirudi.

Sasa lile swali: zawadi inafaa kuhukumiwa? Nadhani ndiyo, kwa sababu mchezaji naye anatoa. Anatoa saa zake kumi, ishirini, zilizobaki nyuma ya kazi, na kwetu anazitoa katika zile saa chache ambazo umeme haujakatika. Tena mtungaji asiyelipwa hana mshahara mwingine ila kujua kazi yake imefikaje kwa watu. Ukimwambia «nzuri» tu, humpi kitu.

Nasema haya nikiwa nimehukumiwa mimi mwenyewe. Mwaka juzi nilitunga moduli ndogo: kijiji, pango, mzee anayemtuma mchezaji pangoni kutafuta mtoto aliyepotea. Niliifanyia kazi kwa miezi mitatu. Nikamwita mpwa wangu, kijana wa miaka 14, nikaketi nyuma yake bila kusema neno, na kusema kweli nilingoja sifa. Yeye akamsikiliza mzee, akamtazama, akaniuliza: «Mjomba, kwa nini yeye mwenyewe haendi? Ni mtoto wake.» Akatafuta mahali pa kumwuliza mzee swali hilo. Hapakuwapo. Akazunguka kijijini akiuliza watu wengine habari za mtoto. Wote walimwambia hali ya hewa. Nyuma ya dakika kumi akaomba ruhusa aende kucheza mpira.

Nilikasirika jioni nzima. Kisha nikafungua Aurora, nikamwandikia mzee jibu. Ilinibidi kwanza nijue mwenyewe kwa nini haendi, jambo ambalo katika miezi mitatu sikuwa nimejiuliza. Nikaona kwamba aligombana na mtoto, na anaogopa kwamba mtoto akimwona atakimbilia ndani zaidi. Jibu hilo lilipoingia, mke wa mzee akapata la kusema, na jirani pia, na pango lenyewe sikuweza kuliacha kama lilivyokuwa. Nikapunguza maadui nusu.

Mpwa wangu ameicheza tena wakati wa likizo. Safari hii alimbembeleza mzee mpaka wakaenda pamoja pangoni, jambo nililoliandika usiku mmoja nikidhani hakuna atakayelitafuta. Mbele ya kutoka aliniambia mlango wa nyuma wa pango haufunguki. Bado natafuta sababu.