Penalti ya Pacome na ripita ya Kidete

Ile ripita ya intaneti haikupaswa kufungwa. Waliotazama dabi ya Juni 25, 2025 kwenye baraza ile ya Kidete, wilayani Kilosa, hawahitaji kushawishiwa. Mita ishirini za waya zingemaliza kazi.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Yanga wamepata penalti, Pacome Zouzoua anatenga mpira, na runinga kubwa iliyotolewa barazani kwa heshima ya majirani ikaanza kufifia. Kwanza jezi zikapoteza namba. Halafu wachezaji na nyasi vikawa uji wa kijani. Kisha kikaja kile kiduara, kikazunguka katikati ya kioo. Nyumba ya pili, yenye dishi, wakalipuka kwa shangwe. Picha iliporudi kwetu, Pacome alikuwa ameshakumbatiwa.

Lawama zikaenda kulekule zilikozoea: bando, mnara, mkongo wa baharini. Tangu Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, kila picha inayoganda wilayani Kilosa inasingiziwa bahari. Lakini simu iliyokuwa sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye ruta, ilionyesha penalti nzima bila kukwama. Ilichelewa nyuma ya dishi kidogo tu, kama yanavyochelewa matangazo yote ya mtandaoni. Kwa hiyo bando lilikuwepo na mnara ulikuwepo. Picha ilifia ndani ya nyumba, kati ya sebule na baraza.

Fundi aliyefunga mtandao wa nyumba ile aliiweka wapi ripita? Nyuma ya runinga! Yaani palepale ambapo mawimbi ya ruta yanafika hoi, yakiwa yamepenya kuta za matofali ya kuchoma na mlango wa chuma. Ripita haizalishi intaneti. Inarudia ilichosikia, na pale ilikuwa inasikia mnong'ono. Tena hii ilikuwa ya bei chee, yenye redio moja ya gigahezi 2.4, inayopokea na kutuma kwenye chaneli ileile kwa zamu, kama mtu mwenye ndoo moja asiyeweza kuchota na kumimina kwa wakati mmoja. Karibu nusu ya spidi imeshaliwa kabla refa hajapuliza filimbi.

Picha ya HD kamili inataka kama megabiti 5 kwa sekunde, na inazitaka mfululizo. Filamu unaweza kuiwekea akiba ya dakika nzima mbele. Mpira wa laivu hauna anasa hiyo. Data ikikosekana sekunde chache, programu inashusha ubora wa picha, na ikizidi kukosekana, inasimama. Sasa tazama ilikosekana wakati gani. Penalti ilipotolewa, kila simu pale barazani, na zote zilikuwa zimepewa nywila kwa ukarimu, ikaanza kurusha vipande kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwenye chaneli moja anasema mmoja, wengine wanangoja. Simu kuukuu iliyo mbali inasema polepole, na muda wote huo imeshika hewa. Runinga ya mwenye nyumba ikapanga foleni na simu za wageni wake.

Ruta yenyewe fundi aliiweka vizuri, juu dirishani upande wa mnara, na betri ya akiba aliiunga safi.

Nimeshagombana na maduka yanayouza ruta kwa kuhesabu antena, na sijachoka. Boksi linaandikwa megabiti 300, mteja anapiga picha nalo, hakuna anayemwambia kwamba namba hiyo haijawahi kukutana na ukuta wa Kidete. Matokeo yake ni kizazi cha mafundi wanaoogopa waya. Wazee wa stesheni ya reli wangewacheka. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na simu za waya zilikwenda nayo nguzo kwa nguzo. Mto Mkondoa umeibomoa njia hiyo kati ya Kilosa na Gulwe mara nyingi, na mafundi wake hurudi kuisimamisha. Na mtangazaji Ahmed Jongo wa RTD alitutangazia mipira mizima kwenye redio ya betri, bila picha yoyote, wala hakuganda mpigaji akikimbilia mpira.

Fundi anajitetea kwamba waya unaharibu sura ya nyumba. Upitishe juu ya dari, uushushe nyuma ya runinga, nani atauona? Waya wa Ethernet unakwenda mpaka mita 100 bila kulalamika, na tundu lake lipo kwenye runinga ile. Bado lina kijikaratasi cha kiwandani. Kama mwenye nyumba hataki kabisa kutobolewa ukuta, basi ripita isogezwe ukumbini, nusu ya njia, iwe ya redio mbili, runinga ipewe gigahezi 5 peke yake, na nywila ya majirani ibadilishwe kabla ya mpira kuanza. Watanuna, najua.