Hekalu la Wagreki na Kanisa Letu

Wazee wa Kasenga wanawakumbuka Wagreki. Wakati wa utawala wa Wabelji walikaa huku kando ya Luapula, wakavua na kununua samaki, wakawapeleka kwa motokari mpaka Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Watu waliwajua kwa mashua na nyavu zao. Sisi wa seminari tunawajua wazee wao wa kale kwa njia ya vitabu, na zaidi kwa picha za mahekalu yao. Picha hizo zinapendwa, hata mafundi wetu wanaziiga. Basi tuulize: je, hekalu la Wagreki linafaa kuwa mfano wa kanisa?

Kwanza tulipe sifa yake. Parthenon, hekalu la Atena katika mji wa Atene, lilijengwa tangu mwaka 447 mpaka 432 kabla ya Yezu Kristu. Lina nguzo 8 mbele, 8 nyuma, na 17 kila upande, tukihesabu zile za pembe mara mbili. Kila nguzo inapita meta 10. Macho yanasema mistari yote imenyoka, lakini sivyo: sakafu imeinuka kidogo katikati, nguzo zimevimba kidogo na kuinama ndani. Mafundi Iktinos na Kallikrates walipima hivi kusudi jengo lisionekane zito wala kulala. Waliamini kwamba kitu cha ibada hakifanywi ovyo. Katika jambo hili wapagano wanatufundisha, sisi tunaoridhika mara nyingi na ukuta uliopinda.

Tena walijua kuchagua fasi. Waliita fasi takatifu temenos, neno linalotoka katika kukata: kipande cha inchi kilichokatwa na kutengwa na matumizi ya kila siku. Wazee wetu nao walikuwa na misitu ambamo hakuna aliyethubutu kukata kuni. Fasi ilitangulia, halafu altare, na nyumba ilifuata nyuma. Kule Olympia altare ya Zeu ilikuwa chungu ya majivu ya sadaka zenyewe, na ilikuwako kabla ya hekalu kubwa la Zeu.

Sasa tufike kwenye kiini. Altare ya Wagreki ilikuwa nje, kwa desturi upande wa mashariki, mbele ya mlango. Watu walisimama nje kuizunguka. Ndani ilikaa sanamu. Katika Parthenon ilikuwa kazi ya Phidias, ya dhahabu na pembe za tembo, yenye kimo cha meta 12 hivi. Wanafunzi wa Kigreki wanajua kwamba naos ni makao. Ilikuwa nyumba ya mungu, si nyumba ya mkutano. Nguzo nzuri ziliwekwa nje kwa sababu watu walikuwa nje.

Tunajua kanisa moja, ambalo hatutalitaja jina. Waamini walitoa sadaka miaka mingi, wengine fedha, wengine samaki na mihogo. Wakajenga nguzo nne za saruji mbele ya mlango, na juu yake pembetatu kama ya Atene. Fedha zikaisha, na ndani pakabaki padogo. Siku ya Pasaka wamama na watoto wao wanasimama juani. Hawaoni altare, hawasikii Injili. Hivyo tumemshinda Mgreki kwa ubaya: yeye alisimama nje pamoja na altare yake, lakini watu wetu wako nje na altare iko ndani.

Hatuwacheki waliojenga. Walitaka kumpa Mungu kitu kizuri, na nia hiyo ni njema. Kosa ni kuchukua uso wa nyumba bila kuuliza nyumba ile ilitumika kwa kazi gani.

Wakristu wa zamani waliuliza. Walipopata uhuru wa kujenga makubwa, hawakufuata hekalu, walifuata basilika, jumba ambamo Waroma walikutana kwa biashara na hukumu, maana lilipokea watu wengi. Na walipolichukua hekalu lenyewe, waliligeuza. Kule Siracusa, katika kisiwa cha Sicilia, hekalu la Atena la karne ya tano kabla ya Kristu likawa kanisa kuu katika karne ya saba baada yake. Waliziba nafasi kati ya nguzo za nje, wakatoboa matao katika kuta za chumba cha sanamu. Kilichokuwa nje kikawa ndani, na watu wakaingia. Nguzo zile zinaonekana mpaka leo.

Mtume Paulo aliwaambia watu wa Atene kwamba Mungu hakai katika nyumba za mikono ya watu. Na akiwaandikia Wakorinto kwamba wao ni hekalu la Mungu, anatumia neno lile lile naos. Makao ya Mungu ni waamini. Ndiyo sababu Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1963, uliagiza makanisa yajengwe yafae kwa liturjia na kwa waamini kushiriki.

Basi, ndugu mapadri na makatekista, mkitaka kujenga, anzeni siku ya Dominika kwa kuhesabu watu walio nje. Watu hao wakiisha kupata fasi mbele ya altare, na fedha zikibaki, fundi asimamishe nguzo zake, naye azipime vema kama Iktinos.