Mshairi Aliyeingia Senema: Lyuba Balagova na Filamu ya Cherkess

Lyuba Balagova ni mshairi wa Kikabardi, mojawapo ya lahaja kuu mbili za Kicherkesi, na tena ni mtayarishaji wa filamu. Wako waonao kazi hizi mbili kuwa mbalimbali: ya kwanza kazi ya moyo, ya pili kazi ya mfuko, maana mtayarishaji ndiye atafutaye fedha, akakusanya watu, akabeba hasara. Hukumu hiyo ni ya haraka. Azijuaye habari za Wacherkesi ataona kwamba senema ya mshairi huyu yajibu shida iliyoukabili ushairi wake.

Shida hiyo ni ya herufi. Vita vya Kaukazi vilipokoma Mei 1864, Wacherkesi walio wengi walikuwa wametolewa na Urusi katika nchi yao, wakavushwa Bahari Nyeusi kwenda dola ya Uthmani. Wengi mno walikufa kwa njaa, maradhi na kuzama. Walionusurika walitawanyika Uturuki, Shamu na Yordani. Amman yenyewe ilianza kukaliwa upya mwaka 1878 walipojenga nyumba zao kando ya magofu ya Kirumi. Waliobaki Kaukazi walipata kuwa na waandishi mashuhuri, kama Ali Shogentsukov, aliyetunga riwaya ya mashairi iitwayo Kambot na Latsa, akafa katika kambi ya Wajerumani mwaka 1941. Lakini mwaka 1936 Kikabardi kiliondolewa katika herufi za Kilatini kikatiwa katika za Kirusi. Tangu hapo shairi lililopigwa chapa Nalchik likifika Amman huwa karatasi bubu. Msomaji wa huko amezoea herufi za Kiarabu, na wa Uturuki za Kilatini. Akisomewa kwa sauti hufahamu, pengine akatokwa na machozi. Akipewa kitabu hukirudisha. (Mwenye kuzipenda tenzi za Pate na Lamu, ambazo hati zake ni za Kiarabu, hahitaji kuelezwa uchungu huo.)

Hapo ndipo ilipo maana ya Cherkess, filamu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na M. I. Kandur, Mcherkesi mzaliwa wa Amman, Balagova akiwa mtayarishaji. Hadithi yaelekea Yordani ya zamani za Waturuki, mnamo mwaka 1900. Kijana wa Kicherkesi ampenda binti wa mkuu wa Mabedui, akamtorosha kama ilivyo desturi ya kwao. Kwa Wacherkesi tendo hilo ni njia ya ndoa. Kwa Mabedui ni kuvunjiwa heshima, na mgogoro ukazuka baina ya wenyeji na wageni.

Nguvu ya filamu imo katika tendo hilo moja lenye maana mbili. Ni mbinu ya kishairi hasa: neno halibadiliki, bali msikiaji ndiye abadilikaye, na hakuna upande ulio mwovu. Kicherkesi nacho chasikika humo kikitamkwa na watu wazima wenye madai na hofu, si kikihifadhiwa kama kitu cha makumbusho. Hili ni jambo kubwa kwa lugha ambayo watoto wengi wa uhamishoni waliisikia kwa bibi zao tu.

Hata hivyo haifai kuisifu kupita kiasi. Mavazi na ngoma hupewa nafasi ya kutosha, na mara nyingine jicho hushiba kabla ya sikio. Mapenzi ya vijana wawili ni chombo chepesi mno kubeba yaliyotokea mwaka 1864. Msiba wenyewe wabaki nyuma ya mlima, ukitajwa zaidi ya kuonekana. Shairi fupi lingeweza kuufikia kwa mstari mmoja, kwani halina haja ya kumpendeza mnunuzi wa tikiti. Na mjukuu wa Amman aliyetoka katika jumba la senema akiwa ameisikia lugha ya babu zake, akikabidhiwa mashairi ya Balagova katika chapa ya Nalchik, bado hataweza kuusoma ukurasa wa kwanza.