Makali ya Biti

Ukitaka kumjua seremala, pitisha kiganja chini ya ukingo wa meza aliyoiunda. Juu ya meza kila fundi hupiga msasa, maana ndiko mteja anakotazama. Upande wa chini, pale vidole vinaposhika meza inapohamishwa, ndipo panapoonyesha kama fundi alimfikiria mwenzake alipokuwa kazini. Ukingo uliopitishwa ruta vizuri, wenye mviringo uleule kutoka pembe hadi pembe, ni heshima kwa mkono ambao fundi hataujua kamwe.

Napenda ruta ya betri kwa sababu inaifuata mbao ilipo. Nyumba nyingi hufungwa milango kabla umeme haujaingizwa, na anayechimba vitako vya bawaba kwenye fremu ya mninga hahitaji jenereta wala waya wa kuvuta kwa jirani. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90. Kwa bawaba, vitasa na kingo inatosha. Kazi nzito ya kutwa nzima naiachia mashine ya waya.

Katika kuchagua, wengi huanza na jina la kampuni. Mimi huanza na kasi. Ruta ndogo ya Makita ya volti 18, DRT50, huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika, na fundi ndiye anayepanga. Uwezo huo wa kupunguza ndio wa kulipia. Biti ya milimita 6 ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, makali yake hukimbia kama mita 9 kwa sekunde. Weka ya milimita 25 bila kugusa kidhibiti, makali yatakimbia mita 39, na mbao ngumu itaungua ukingo mzima. Kama tayari una drili ya betri, tafuta ruta inayokubali betri zilezile, na fedha itakayobaki ipeleke kwenye biti.

Hapo kwenye biti ndipo pa kutulia. Madukani huchanganyika biti zenye shina la milimita 6, za milimita 8, na za robo inchi, yaani milimita 6.35. Kwa macho, ya 6 na ya robo inchi ni pacha. Lakini koleti, ile pete inayobana shina, haisamehe hata theluthi ya milimita. Shina la 6 ndani ya koleti ya robo inchi huweza kuteleza katikati ya kazi, biti ikazidi kuzama kwenye mbao au ikachomoka. Nenda dukani na kipimo chako, upime shina mwenyewe. Wakati wa kuifunga, izamishe biti mpaka itue, kisha ivute nyuma milimita 2 au 3 ndipo ukaze kwa spana. Shina lililogota chini huizuia koleti kubana sawasawa.

Kisha jiulize biti hiyo itakutana na mti gani. Mvule huficha ndani yake vijiwe vya chokaa ambavyo mti wenyewe umevijenga. Msaji una silika, na mpingo unajulikana kwa ugumu wake. Kwa miti hiyo, biti ya chuma, hata iwe kali vipi asubuhi, mchana itakuwa inasugua tu. Chukua ya kabaidi. Nayo ina udhaifu wake: ikianguka sakafuni, makali hubanduka. Ndiyo maana kila biti hustahili tundu lake kwenye kibao, wala si kurundikwa kwenye kopo la misumari. Boksi lenye biti 30 za bei chee silitamani. Tatu nzuri zinatosha kuanzia: nyofu, ya mviringo yenye beringi nchani, na ya kusawazisha ukingo kwa kufuata kigezo.

Hayo yote yakishatimia, kazi inarudi mkononi. Mbao ikiwa mbele yako, sukuma ruta kwenye ukingo wa nje kutoka kushoto kwenda kulia, ili mashine isikukimbie. Anza na vichwa vya mbao, umalizie na mbavu zake ndefu, kwa kuwa mnyofoko mdogo unaotokea penye pembe huondolewa na mkato wa ubavuni. Kata kidogo kidogo, milimita chache kila unapopita. Sikiliza mlio: ukishuka, unasukuma kupita kiasi. Angalia pia kinachodondoka. Biti kali hutoa vipande unavyovihisi kati ya vidole, butu hutoa unga. Unga ukianza, zima mashine, chomoa betri, safisha utomvu ulioganda, kisha upitishe uso bapa wa kabaidi kwenye jiwe la almasi, kila upande kwa idadi ileile, kabla hujagusa mbao tena.