Hongera, Gamescom

Maonyesho mengi ya biashara huwa ya wenye tai na kadi za kampuni. Gamescom, maonyesho ya gemu ya Ujerumani, wao wanamfungulia mlango hata mchezaji wa kawaida, na kwa hilo wanastahili pongezi. Walirithi umati wa Leipzig, ambako Games Convention ilifanyika kuanzia 2002 hadi 2008. Mwaka 2009 Gamescom ikaanza Köln. Huko kila Agosti vijana hupanga foleni kwa saa nyingi, wengine wamekalia viti vya katoni, ili tu washike pedi dakika chache na kuonja gemu ambayo haijafika dukani. Korona iliwasukuma mtandaoni 2020 na 2021. Mwaka 2022 kumbi zikajaa tena. Maonyesho ya gemu ya E3 ya Los Angeles, yaliyoanza 1995, yaliwauzia watu wa kawaida tiketi kwa wingi kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na 2023 yakatangazwa yamekwisha. Walichelewa mno, nionavyo mimi.

Sisi wa Mitwaba, huku Kongo, tumo pia katika gemu hizo. Huku watu huchimba kasiteriti na koltani kwa sururu na koleo, na mashine za gemu hazitengenezwi bila bati wala tantali zitokazo kwenye madini hayo. Gamescom wangetutengea kibanda, basi, hata kando ya choo.